Duka Linaloanzia kwa Mteja: Mwongozo Kamili wa Kujenga Biashara ya Mtaani

Nilipofungua duka Mbagala, Dar es Salaam, nilipanga mzigo kwa macho ya mtu aliyetoka soko la Kariakoo kununua jumla. Mafuta ya kula yalikuwa ya chupa za lita moja na dumu za lita tano, unga mifuko ya kilo tano na kumi, sabuni mche mzima. Shelfu zilipendeza. Watu walipita, wakanisalimia, wakanisifia duka zuri, kisha wakavuka barabara kwenda kwa mzee mwenye kibanda cha mabati. Yeye alikuwa na dumu moja la mafuta, kipimo na mizani iliyochakaa rangi. Kwa miezi mitatu niliamini kuwa tatizo langu ni kutojulikana. Nikapaka rangi mlango, nikaongeza taa.

Jioni moja aliingia mama aliyekuwa ametoka kwenye kibarua, viatu vikiwa na vumbi la saruji.

"Mangi, habari za jioni. Nipimie mafuta ya mia tano."

Dar es Salaam muuza duka ni Mangi hata kama kwao si Kilimanjaro, nikaitika. "Salama mama, karibu. Ya kupima sina, ninayo ya lita."

Alifungua kiganja. Noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne. "Hii ndiyo ya leo yote, mwanangu. Humo kuna unga nusu, mafuta, nyanya na kiberiti." Akaaga vizuri, akavuka barabara.

Yule mama alikuwa ananifahamu, na bei yangu ya lita ilikuwa nafuu kuliko ya mzee. Lakini mimi nilikuwa nauza mafuta ya wiki mbili kwa mtu mwenye pesa ya usiku mmoja. Kuanzia siku ile nilianza upya, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio ambao ningependa mtu anipe kabla sijalipa kodi ya fremu ya miezi sita. Nazungumzia duka la rejareja kwa sababu ndilo ninaloishi nalo, ila mwenye saluni, mama lishe au fundi wa simu atajiona humu.

Hatua ya kwanza: kaa utazame kabla hujanunua mzigo

Tenga siku saba. Usiwe na haraka, kwa sababu siku saba hizi ni rahisi kuliko mzigo utakaolala mwaka mzima. Tafuta mahali pa kukaa karibu na pale unapotaka kufungua: benchi la muuza kahawa, kivuli cha kijiwe cha bodaboda. Nenda nyakati tatu kila siku, yaani alfajiri kuanzia saa kumi na moja, mchana saa saba, na jioni saa kumi na mbili hadi saa tatu. Ukitazama mchana tu utaona mtaa mtupu na utadhani hakuna wateja.

Beba daftari dogo. Andika nani anapita, ametoka wapi, mkononi ana nini, na akinunua analipa kwa noti gani. Kilichonifungua macho zaidi ni noti. Asubuhi mtaani kwangu zilitawala sarafu na noti za elfu moja, kwa ajili ya vitafunwa, majani ya chai na sukari ya robo. Jioni zilitoka noti za elfu mbili na elfu tano kwa pamoja, watu wakirudi na ujira wa siku. Noti za elfu kumi niliziona kuanzia tarehe ishirini na tano kwenda mbele, na kufikia tarehe kumi zimepotea. Hiyo ndiyo ramani ya kipato cha mtaa wako, na hakuna mtu atakayekuchorea isipokuwa macho yako mwenyewe.

Tazama pia watu wanavyojihangaisha. Mtoto anayetumwa mbali kununua kitu kidogo. Mama anayeingia maduka matatu ili akamilishe chungu kimoja. Fundi anayeomba chenji na kukosa. Mahali watu wanapotembea, wanaposubiri au wanapogawana kitu kimoja, ndipo shida ilipo, hata kama hawajaipa jina.

Hatua ya pili: uliza habari za jana

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Ukimwuliza jirani, "Nikifungua duka la nafaka hapa, utanunua?" atakujibu, "Tutanunua sana, Mungu akusaidie." Si mwongo. Watu wetu wana staha, hawamvunji mtu moyo usoni. Ila jibu lile ni dua, na wewe ukiligeuza kuwa hesabu utaumia.

Uliza mambo yaliyokwisha kutokea, kwa sababu hayo hayana haja ya heshima. Jana mlipika nini? Mafuta mlinunua wapi, ya shilingi ngapi? Mara ya mwisho ulikosa kitu usiku, ulifanyaje? Kwa nini unakwenda kwa yule wa mbali na hapa karibu duka lipo? Swali hili la mwisho liulize kwa upole, kisha nyamaza. Ndipo nilipojifunza kwamba wanawake kadhaa walikuwa wanapita duka moja karibu kabisa na kwao kwa sababu muuzaji alikuwa na tabia ya kuwauliza kwa sauti deni la jana mbele za watu. Bei haikuhusika kabisa.

Ongea na watu kumi na tano au ishirini, ukichanganya: mpangaji wa chumba kimoja, mwenye nyumba, dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi, mwanafunzi anayejipikia. Andika maneno yao yalivyo, usiyatafsiri kuwa ya kwako. Mtu akisema "mchele wa pale una mawe," andika mawe. Usiandike "ubora duni," maana mawe unaweza kuyaondoa kesho asubuhi kwa ungo.

Hata makampuni makubwa yamejifunza kwa njia hii. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu huduma ya simu nchini Kenya wakishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Watu waliokuwa kwenye jaribio wakawa wanafanya na mengine: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanaiacha kwenye simu isiibwe njiani. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wangeng'ang'ania wazo la mwanzo, pengine tungekuwa na mfumo mzuri wa kulipa marejesho na hakuna zaidi.

Hatua ya tatu: chagua shida moja na uiandike kwa sentensi

Baada ya siku saba utakuwa na shida nyingi mkononi. Chagua moja. Iandike kwa kutaja mtu, saa na pesa. Yangu ilikuwa hivi: "Mama anayelipwa kwa siku anataka kukamilisha chakula cha usiku kwa elfu mbili, mahali pamoja, kabla ya saa mbili."

Sentensi hiyo ilinifanyia maamuzi mengi bila kuumiza kichwa. Nifungue saa ngapi? Jioni nisifunge kabla ya saa tatu. Niweke nini mbele? Unga, mafuta ya kupima, nyanya, vitunguu, chumvi, kiberiti, dagaa. Kuuza viroba vizima vya unga vya kilo ishirini na tano? Hapana, siyo sasa. Kama sentensi yako haikatai kitu chochote, bado haijakamilika.

Hatua ya nne: jaribu kwa mzigo mdogo

Usitie mtaji wote. Mimi nilianza na dumu moja la mafuta la lita ishirini, kiroba kimoja cha unga, debe la dagaa na tenga dogo la nyanya. Wiki mbili. Kila jioni niliandika kilichotoka na kilichobaki. Nyanya ziliniharibikia nusu wiki ya kwanza kwa sababu nilinunua zilizoiva zote. Wiki ya pili nikachanganya na zile zenye ukijani. Dagaa hawakutoka kama nilivyodhani hadi nilipowafunga mafungu ya mia tano. Hasara ile niliweza kuibeba kwa sababu ilikuwa ndogo.

Mtu anayetaka kuuza chakula afanye hivyohivyo. Pika sufuria moja upeleke kwa mafundi wa eneo moja kwa siku kumi kabla hujakodi banda. Fundi wa nguo ashone sare za watoto watano kabla hajanunua marobota ya vitambaa.

Hatua ya tano: piga hesabu ya kipimo, na kipimo kiwe cha haki

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo biashara ya kumfuata mteja inapoweza kukufilisi au kukufanya mwizi.

Tuseme umenunua dumu la lita ishirini kwa 90,000, na nauli ya mzigo ni 2,000. Unapima kwa mililita mia moja kwa shilingi 500. Kwenye karatasi unapata vipimo mia mbili, yaani 100,000. Lakini mafuta hubaki kwenye kuta za dumu, hubaki kwenye kipimo, mengine humwagika. Ukipoteza nusu lita, umebaki na vipimo 195, sawa na 97,500. Toa 92,000. Faida yako ni 5,500 kwa dumu zima. Ukisahau ile nusu lita na nauli, utajiandikia faida ya 10,000 na utaila, halafu mwezi unaofuata utashangaa mtaji umekwenda wapi. Kwa hiyo pima dumu lako la kwanza mwenyewe, kipimo kwa kipimo, ujue kinachopotea kwako ni kiasi gani. Bei zitabadilika, lakini hesabu itabaki hiyohiyo.

Sasa upande wa pili. Anayenunua kidogo kidogo hulipa ghali zaidi kwa lita kuliko anayenunua dumu, na anajua. Anakulipa hiyo nyongeza kwa sababu unamgawia, unamsubiri hadi jioni, unabeba hasara ya kinachomwagika. Hiyo ni halali. Kisichokuwa halali ni kikombe kilichobonyezwa chini, jiwe la mizani lililochongwa, au mizani inayoanzia juu ya sifuri. Naumia ninapoona hili, kwa sababu anayeibiwa ni yule yule aliyeshika elfu mbili, na anayekula kipimo kilichopunguzwa ni mtoto. Peleka mizani yako ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, iweke mahali mteja anaona mshale au namba, na mafuta yapime mbele ya macho yake. Mimi nilihamisha mizani kutoka pembeni nikaiweka katikati ya kaunta. Wateja hawakusema neno, ila watoto waliotumwa waliacha kurudishwa na mama zao kuja kulalamika.

Kumbuka na chombo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania bara kuanzia Juni 1, 2019, na mtu anayetoka kazini hatembei na kopo. Nilinunua chupa ndogo zenye vifuniko, nikaziosha vizuri, nikawa naazima kwa amana ndogo. Ukirudisha chupa, unarudishiwa pesa yako. Wengi walirudisha, na kila aliyerudisha chupa alinunua tena.

Kufuata mfuko wa mteja hakuishii kwenye mafuta ya kula. Gesi ya kupikia kwa miaka mingi iliuzwa kwa mtungi mzima, na mwenye pesa ya siku akabaki na mkaa wa fungu. Kampuni ya KopaGas iliyoanzia Dar es Salaam ilifunga mita kwenye mtungi ili mtu alipie kwa simu kiasi alichonacho na apike kiasi hicho. Gesi ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Hatua ya sita: daftari la "hakuna"

Kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hiki. Kila muuza duka anatamka neno "hakuna" mara nyingi kwa siku na kulisahau. Weka daftari chini ya kaunta. Kila unaposema "hakuna," andika kilichoulizwa, saa, na kama unaweza, aliyeuliza ni mtu wa namna gani: mtoto, kijana, mama wa jioni. Anayekusaidia dukani naye aandike, na usimgombeze kwa kuwa na orodha ndefu. Ukimgombeza ataacha kuandika na utabaki gizani.

Mwezi wangu wa kwanza ukurasa ulijaa vitu ambavyo nisingevifikiria: sindano za kushonea kwa mkono, pilipili manga ya kusaga kwa kijiko, betri ndogo za rimoti, taulo za kike baada ya saa mbili usiku. Hizo taulo ziliulizwa na wasichana kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nazo lakini shelfu ya juu kabisa, ambapo ilibidi waombe mbele za wanaume waliokaa kibarazani. Nikazishusha, nikaziweka karibu na sabuni. Zikaanza kutoka. Ilikuwa shida ya aibu, na hakuna ambaye angekuja kuniambia.

Kanuni ninayoitumia: kikiulizwa na watu watatu tofauti ndani ya wiki, naleta kidogo kujaribu. Kikiulizwa mara tatu na mtu mmoja, namwambia nitamletea cha kwake nikienda Kariakoo, alipe nusu kabla.

Hata hivyo si kila kinachoulizwa kinauzwa. Waliniulizia antibiotiki za kidonge kimoja kimoja. Hizo nawaelekeza kwenye duka la dawa, kwa sababu kumwuzia mtu nusu dozi ni kumdhuru, na duka la vyakula haliruhusiwi kuziuza. Waliulizia viroba vya pombe, yaani pombe kali ya vifuko vidogo, hata baada ya kupigwa marufuku Machi 1, 2017. Hapo jibu ni "hakuna" na wala haliandikwi.

Hatua ya saba: deni

Kwenye kuta za maduka utasoma "Leo taslimu, kesho mkopo." Naelewa walioandika. Nami niliwahi kuandika. Lakini mtu anayelipwa kwa siku kuna siku halipwi, mvua ikinyesha hakuna zege, na siku hiyo watoto wanakula vilevile. Ukikataa deni kabisa umemkataa siku anayokuhitaji kuliko zote. Ukikubali ovyo, duka linakufa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andika jina, kilichochukuliwa, kiasi, tarehe ya kulipa, na aweke saini au alama. Usimkopeshe mtu ambaye hujamuuzia taslimu kwa angalau mwezi mmoja. Weka ukomo kwa kila mtu sawa na anachonunua kwa siku mbili, siyo zaidi, na madeni yote kwa pamoja mimi siruhusu yavuke moja ya kumi ya mzigo. Chakula ndiyo, vocha na soda hapana. Akichelewa, mwite pembeni au mpigie simu. Usitume mtoto, usibandike majina ukutani. Nimepoteza pesa kwa watu waliohama usiku, siwezi kuficha hilo, lakini waliolipa ndio wamebaki wateja wangu hadi leo na ndio walionitetea mtaani nilipougua na duka likafungwa wiki mbili.

Makaratasi

Nipite haraka. Chukua namba ya mlipakodi kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), haina malipo. Leseni ya biashara inatolewa na halmashauri, na siku hizi maombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Ukitaka jina la biashara lisajiliwe, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Weka Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, ukutani kwa maandishi makubwa, kwa sababu vijana wengi hawatembei na noti, na tatizo la chenji linapungua.

Hatua ya nane: sikiliza aliyeondoka

Anayelalamika bado anakupenda. Anayekuumiza ni aliyeacha kuja kimya kimya. Kila mwisho wa mwezi napitia kichwani sura za wateja wa kila siku na kujiuliza nani sijamwona wiki mbili. Nikikutana naye njiani namsalimia kwanza, namuulizia nyumbani, kisha namuuliza bila kumlaumu: "Mama, siku hizi sikuoni, kuna tulipokosea?" Mmoja aliniambia kijana wangu alimrushia chenji juu ya kaunta. Mwingine, unga ulikuwa na harufu ya sabuni. Nilikwenda kutazama nikakuta kweli, katoni za sabuni zilikuwa zimepangwa ubavuni mwa kiroba. Nikazihamisha siku ileile, nikampelekea unga nusu nyumbani kwake na kumwomba radhi.

Kitu kibovu kikirudishwa, badilisha papo hapo, mbele ya waliopo, bila mahojiano marefu. Unga wa nusu kilo hautakufilisi.

Kuongeza na kupunguza

Mtu mmoja akishahudumiwa vizuri, ndipo utaona mwingine jirani yake. Baada ya mwaka nilipanua kwa mama lishe wa eneo letu, ambao wanahitaji mzigo saa kumi na moja alfajiri na wanalipa jioni wakishauza. Hiyo ni sentensi nyingine, na daftari lingine. Nilianza na watatu, nikawapelekea kwa bodaboda, nikapima faida kwa mwezi mzima kabla ya kumpokea wa nne. Wakati huohuo niliondoa chupa za lita moja zilizokuwa zimekaa na vumbi; nikazimimina kwenye dumu la kupimia.

Jumapili jioni, baada ya kufunga hesabu, nafungua ukurasa wa "hakuna" wa wiki nzima na kuweka alama ya mstari kwenye kila kilichojirudia. Jumatatu alfajiri ukurasa huo unakwenda nami Kariakoo, umekunjwa kwenye mfuko wa shati. Nanunua vilivyo na mistari mitatu, na pesa inayobaki inarudi nami nyumbani.